Msimu wa Gari la Mikate

Harufu ya mkate uliolala haifanani na harufu nyingine yoyote. Siyo ile ya mkate wa moto, ambayo kila mtu anaijua na kila mtu anaipenda. Hii ni harufu iliyochacha kidogo, yenye utamu wa mbali, na ndani ya gari la baba yangu ilikuwa imeingia hadi kwenye bati. Ilichanganyika na petroli, na vumbi jekundu la njia ya Handeni, na jasho la baba mwenyewe, ikawa kitu kimoja ambacho hadi leo nikikipata puani hugeuka kutazama barabarani. Baba alikuwa msambazaji wa mikate. Kila alfajiri aliendesha hadi Korogwe kwenye tanuri, akapakia, kisha akarudi akishusha mzigo dukani hapa, kwa mama lishe pale, mpaka Handeni mjini tulikokuwa tunakaa. Watoto wa njiani walilijua gari lile kwa kikohozi chake kabla hawajaliona. Mlango wake wa pembeni ulifunguka kwa nje tu, kwa hiyo aliyekaa nyuma hakuweza kutoka mpaka mtu ashuke mbele, azunguke, amfungulie. Dada yangu Zaina alisema hiyo ndiyo adabu ya gari: hutoki mpaka uombe.

Zaina alinizidi miaka mitatu, lakini mgeni yeyote aliyepiga hodi kwetu alidhani mimi, Rehema, ndiye mkubwa. Mwili wake ulikuwa umekataa kukua. Shingo yake ilikuwa nyembamba, vidole vimevimba kwenye viungo, na pale ambapo macho ya watu wengine ni meupe yake yalikuwa ya manjano kama kiini cha yai. Mgeni akinipa mimi mkono kwanza, Zaina alimrekebisha papo hapo: "Umeanzia chini. Mkubwa ni mimi." Ulimi wake ulikuwa mkali na kicheko chake kilikuwa cha kuambukiza, na nadhani alivitumia vyote viwili ili watu wasipate nafasi ya kumhurumia. Ugonjwa wake haukuwa na jina nyumbani kwetu. Majirani walikuwa nayo majina mengi. Mmoja alisema ni baridi yabisi, mwingine akasema mtoto amechezewa, na wa tatu, mama wa watu asiye na ubaya wowote, alisema tu kwamba mtoto yule si wa kukaa. Maumivu yalipomshika yalimshika mifupani. "Kuna fundi humu ndani," alimwambia mama siku moja akiwa amekumbatia goti lake. "Anapigilia misumari, na hapumziki hata kwa chai."

Masika ya mwaka huo alilazwa Korogwe kwa muda mrefu kuliko wakati wowote. Siku ya kuruhusiwa, daktari mmoja kijana aliwakalisha baba na mama kwenye benchi la nje ya wodi akawaeleza taratibu. Mtoto anywe maji mengi. Asichoke kupita kiasi, asipigwe na baridi, alale ndani ya chandarua. Na ale vizuri: mboga za majani, maharage, samaki, matunda, unga usiokobolewa. Baba aliyasikia yote, lakini lililomkaa moyoni ni lile la mwisho, kwa sababu ndilo pekee aliloweza kulishika kwa mikono yake. Alitoka pale kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo. "Damu inajengwa sahanini," alianza kusema, na aliusema msemo huo asubuhi na jioni, kwa mama, kwa majirani, kwa wateja wake wa mikate, mpaka ukawa kama dua. Yeye aliyekuwa akijaza nyumba za watu mkate mweupe alipiga marufuku mkate mweupe kwake. Soda ikafukuzwa, na sukari ikapandishwa juu ya kabati. Mama hakubisha. Wahenga walisema mfa maji hukamata maji, na sisi tulikuwa tumeanza kukamata matembele.

Mwezi wa sita shule zilifungwa, na tanuri la Korogwe nalo likapasuka. Mwenye tanuri akawaambia wasambazaji wapumzike mpaka mafundi wamalize. Mtu mwingine angeona balaa. Baba aliona mlango umefunguka. Aling'oa rafu zote za mikate, akatandika godoro na mkeka, akafunga pazia la kanga dirishani, akapanga madumu ya maji, jiko la mkaa na chandarua. Alitaka tusafiri sote wanne, tulale humo humo garini, tupite Misima, tukae Korogwe, twende Mashewa, kisha tupande Dindira kwa bibi mzaa mama. Njia nzima hadi Korogwe aliwajua wapishi, kwa kuwa aliwapelekea mikate. Alijua nani hupika dona safi, nani hachemshi mchicha mpaka ukafa, nani ana samaki wa siku ile. Zaina angekula vizuri, angetembea taratibu, angevuta hewa, na damu ingejengwa.

"Dindira mwezi huu kuna baridi, Baba Zaina," mama alisema.

"Tutabeba mablanketi. Tutapanda mchana, jua likiwa juu. Mama Zaina, mtoto hajawahi kupaona kwenu."

Nilikuwa nimekaa karibu na mama nikichambua mchele, na nikauona uso wake ukifunguka. Alikuwa hajakanyaga kwao tangu Zaina azaliwe. Baba alikuwa Mzigua wa bondeni, mama Msambaa wa mlimani, na kati ya bonde na mlima palikuwa na njia mbovu na maisha yenyewe.

Tukaondoka. Nikijaribu leo kuipanga safari ile kwa siku, inanikatalia. Inanijia kwa vionjo. Misima ni mchunga, ile mboga ya majani ya porini. Kulikuwa na mama lishe mmoja pale, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, ambaye alipoona gari letu alitoka na kapu tupu la mikate mkononi. "Mikate iko wapi leo?" akauliza. Baba akamfungulia mlango wa pembeni akaonyesha jinsi tulivyokaa juu ya godoro. "Leo nimebeba wanangu," akasema. "Nataka dona, na mchunga usiotiwa magadi, na maharage yasiyoogelea kwenye mafuta." Yule mama akamtazama Zaina, akaniangalia mimi, akashusha sauti: "Na huyu mdogo anaumwa?" Zaina akaruka chini. "Mdogo ni yule pale," akasema akininyooshea kidole. "Na haumwi. Ni mvivu tu." Tukala chini ya kibanda cha nyasi, na mchunga ulikuwa mchungu kama jina lake. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Zaina naye hakuulizwa mchunga. Aliutia mdomoni akiwa amefumba macho, akameza, akayafumbua akatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeshinda kesi. Baba alikuwa ameacha kula. Alikuwa akihesabu matonge ya Zaina kwa macho.

Korogwe ni perege wa Mto Pangani, waliochemshwa kwa nyanya na ndimu, ngozi yao ikiachia yenyewe. Tulitembea kandokando ya mto, mbali na maji kwa ajili ya mamba, tukamwona kenge mkubwa amejianika juu ya jiwe kama bwana shamba aliyemaliza kazi. Mashewa ni viazi vitamu na ndizi mbivu, na ni kicheko. Baba aliomba ruhusa kwa mwenye shamba mmoja, akaegesha gari chini ya mti, tukakaa pale kama watu wenye kwao. Asubuhi ya kwanza tumbili alishuka, akaingia garini mlango ukiwa wazi, akachukua kichane kizima cha ndizi. Baba alimfukuza akiwa na kiatu kimoja mguuni. Tumbili alipanda juu ya mti, akaketi, akamenya ndizi yake polepole akimtazama baba machoni, na Zaina akacheka mpaka akajilaza chini, mpaka mama akaogopa, mpaka baba mwenyewe chini ya mti akaanza kucheka akiwa bado ameshika kiatu. Sijawahi tena kuwasikia wote watatu wakicheka kwa wakati mmoja.

Jioni ile baba alimbeba Zaina mabegani tukapanda kilima kidogo nyuma ya shamba. Njiani Zaina aliagiza kama nahodha, kulia, kushoto, simama nipumue. Juu kabisa tuliiona nchi imelala mbele yetu: mistari ya mkonge, moshi wa majiko, mabati yanayometa, na nyuma yake milima ya Usambara iliyosimama kama ukuta wa samawati. Zaina akainamia sikio la baba. "Kumbe dunia ni kubwa hivi, Baba, na nyie mmenificha ndani?" Baba akacheka, akazunguka naye mabegani polepole ili aone na upande wa pili.

Na kweli alikuwa amenawiri. Sisemi kwa sababu nilitaka kuona hivyo. Mashavu yalijaa kidogo, hatua zake zikapata nguvu, na yule fundi wake wa misumari hakuwa amepiga hodi tangu tulipotoka Handeni. Baba aliona, mama akaona. Mama, ambaye siku za mwanzo alikuwa akiamka kila mara kumshika Zaina paji la uso, alianza kulala. Nilipokuja kuwa mtu mzima nilijifunza kwamba ugonjwa ule huenda na kurudi kama mgeni asiyeaga, na kwamba vipindi vyake vya utulivu havikutokana na sahani peke yake. Wakati ule hatukujua. Tulikuwa watu wanne ndani ya gari la mikate, kila mmoja akiamini, na imani ya watu wanne kwenye nafasi ndogo kama ile huwa na joto lake.

Njia ya Dindira ilipanda kwa kona. Gari lilikohoa, baba akalibembeleza kwa maneno mazuri, na kwenye kila kona hewa ilikuwa nyepesi na baridi zaidi ya kona iliyopita. Mashamba ya chai yalitokea, ya kijani kilichokatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi. Mama alikuwa amekaa mbele. Alianza kutaja majina ya vijito na ya watu, akicheka peke yake, na lafudhi ya mlimani, ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, ilimrudia mdomoni. Bibi alitupokea mlangoni. Alikuwa mwembamba, mkavu, mwenye macho yasiyopepesa. Tulimwamkia shikamoo, akatuwekea mikono vichwani, na mkono uliokuwa juu ya kichwa cha Zaina ukakawia. Akamwambia mama jambo kwa Kishambaa. Mama akageuka akaingia jikoni. Ilipita miaka mingi kabla mama hajanieleza maneno yale. Bibi alikuwa ameuliza: "Mtoto huyu mmemleta kunisalimia au kuniaga?"

Tulikula bada, yaani ugali wa muhogo, mboga ya mnavu iliyotiwa maziwa, na parachichi zilizochumwa uani. Tulilala karibu na moto, Zaina akiwa katikati, amevikwa masweta mawili na soksi za baba. Kesho yake anga ilikuwa safi kabisa. Jua lilitoka kali, la kuunguza mabega, ukungu ukayeyuka, na mama akasema anataka kutuonyesha maporomoko ya utotoni mwake. Hayakuwa maporomoko makubwa. Maji yalidondoka kutoka kwenye mwamba uliozidi paa la nyumba kidogo, yakatua kwenye kidimbwi chenye mawe laini, yakaondoka zake kimya kimya kuelekea kwenye chai. Lakini mama alipoyaona alianza kukimbia. Nilimwona mama yangu akikimbia kama msichana, kanga imepandishwa magotini, akaingia na viatu vyake.

Zaina alisimama ukingoni. "Mama, na mimi."

Mama akasimama ndani ya maji. Alilitazama jua, kisha akamtazama baba. Baba naye akainua uso kulitazama lile lile jua. "Limekuwa kali," akasema.

"Nyayo tu," mama akasema. "Ukisikia baridi, unatoka hapo hapo."

Akatia nyayo. Akatulia, akitabasamu, akisikilizia. Akaingia hadi vifundoni, hadi magotini, na kabla mtu hajafungua mdomo alikuwa amejitupa chini ya maporomoko, nguo na sweta, mikono juu, akipiga kelele ya furaha iliyogonga mwamba ikarudi. "Rehema, mwoga wewe! Njoo!" Nikaingia. Maji yalikuwa ya baridi ya kukata pumzi. Alinishika mikono, tukaruka pamoja, maji yakitupiga utosini, na kwa ule muda mfupi sana alikuwa mkubwa wangu kweli, mwenye nguvu kunizidi, akinivuta. Kisha baba akamtoa akiwa amembeba mikononi, mama akamvua, wakamkausha kwa kanga, wakamfunga blanketi moja juu ya jingine, wakamlisha hindi la kuchoma. Midomo ilikuwa inatetemeka, lakini macho yalikuwa yanawaka.

Tulipofika kwa bibi, Zaina alikuwa ameacha kuongea. Alikaa karibu na moto, akainamisha kichwa, na baada ya muda akasema kwa sauti ndogo, "Amekuja." Hatukuhitaji kuuliza nani. Maumivu yalianzia mgongoni yakashuka mapajani, yakapanda kifuani, na Zaina aliyezoea kuuma meno safari hii alilia kwa sauti. Baba hakungoja. Wingu lilikuwa limeshuka tena juu ya chai na manyunyu yameanza. Mama aliingia nyuma akalala godoroni akiwa amemkumbatia, baba akawafungia mlango, mimi nikakaa mbele. Tukateremka. Kwenye kona moja gari lilizama topeni, magurudumu yakazunguka bure, na wachuma chai waliokuwa wanarudi waliweka matenga yao pembeni bila kuitwa, wakatusukuma, wakiwa wamelowa, huku kilio kikitoka ndani ya bati na wao wakijifanya hawakisikii. Baba hakuwashukuru. Aliendesha bila kusimama mpaka hospitali ya Korogwe. Alikuwa ameushika usukani kwa nguvu, vidole vimepauka, na mara kwa mara midomo yake ilicheza, ama kwa dua ama kwa hesabu ya makosa.

Zaina hakufa safari ile. Aliongezewa damu, nyingine ya baba mwenyewe, na baada ya kukaa wodini kwa muda akarudi nyumbani akiwa mwepesi kama kapu tupu. Tulianza upya, na safari hii tulianza kwa hofu. Madirisha yalifungwa. Alivaa sweta Handeni, kwenye joto la Handeni, jasho likimtiririka. Hakuruhusiwa kufua hata leso yake. Maji ya kunywa yalipashwa moto kwanza. Mezani, kila mlo ulikuwa kama baraza: mchicha, dagaa, maharage, papai, na baba amekaa mbele yake akingoja sahani iishe. Watu husema sikio la kufa halisikii dawa. Zaina alizisikia dawa zote. Alikula kila alichowekewa. "Nitoeni basi hata uani," aliomba siku moja, na mama akamjibu kwamba kuna upepo. Hapakuwa na upepo. Hata majani ya mwarobaini yalikuwa yametulia.

Alifariki kabla ya mvua za vuli, mchana wa jua, katika wiki za joto kali ambapo hata mbuzi hawataki kusimama. Alikuwa amekula matembele na perege, akamaliza, akasifiwa. Alijilaza kwenye mkeka karibu na mlango akasema kichwa kinamuuma. Nilikwenda kumletea maji. Nilipogeuka, upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umeshuka, na alikuwa ananitazama kama anayetafuta jina langu. Baba na mama walimkimbiza kwa gari lile lile, akawafia njiani. Wakarudi bado jua halijazama, na mama ndiye aliyeshuka kwanza, akazunguka, akasimama mbele ya mlango wa pembeni na hakuufungua. Alisimama tu hapo, mkono umeshika komeo, mpaka majirani wakaja wakamtoa. Tulimzika kesho yake asubuhi.

Ninaloweza kusema ni kwamba hapakuwa na baridi siku ile. Hapakuwa na maji ya mlimani, wala uchovu, wala mlo uliokosewa. Kama angekufa Dindira tungekuwa na kitu cha kulaumu. Alikufa akiwa ametimiza kila sharti, na jambo hilo ndilo lililotuvunja. Kwenye arobaini nilimsikia mama akimwambia baba chumbani, "Yalikuwa maji ya kwetu." Na baba akamjibu, "Gari lilikuwa langu." Hawakulaumiana hata mara moja. Nimewaza baadaye kwamba wangelaumiana labda wangegombana, wakaachana au wakapatana. Wao kila mmoja aliuchukua mzigo wote akaenda nao kona yake, na nyumba ikawa na watu wawili wenye hatia ile ile wasioweza kusaidiana kuibeba. Mama hakupanda tena Dindira. Bibi alipofariki, alikaa matanga akiwa Handeni. Kishambaa kilichomrudia mdomoni ile siku ya kona za chai kiliondoka, sikukisikia tena. Tanuri la Korogwe lilipotengemaa baba hakurudi kazini. Gari alimwachia mfanyabiashara wa mkaa, na kwa miaka kadhaa tuliliona likipita, jeusi, limeinama upande, watoto wa njiani hawalikimbilii tena.

Mama alikufa bila kujua ugonjwa ule unaitwaje. Mimi nilikuja kulijua jina lake ukubwani, kliniki, mwanangu Salma akiwa na miezi michache, miguu na mikono imevimba kama mikate midogo. Muuguzi alisema ni selimundu, ugonjwa wa chembe za damu. Akanieleza kwa upole kwamba mtoto huipata kwa baba na kwa mama, wote wawili wakiwa wazima, wote wawili wakiwa hawajui. Mume wangu, ambaye hushinda barabarani na malori, aliupokea ule ukweli kwa simu akiwa safarini. Nani hupima damu kabla ya kuposa? Nilikwenda Misima, ambako baba anakaa sasa kwenye shamba la ndugu zake, nikamweleza nilivyoelezwa. Alikuwa anapukuchua mahindi. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu.

"Kwa hiyo tulimpa wenyewe," akasema.

"Hamkujua, Baba."

"Na chakula je?"

"Chakula kinasaidia mwili. Hakibadilishi damu."

Alichukua hindi jingine. "Basi," akasema, na tangu siku hiyo hajaniuliza habari za ugonjwa huo, ingawa akija kwetu humpakata Salma mpaka miguu yake mwenyewe ife ganzi.

Ninaishi Korogwe, si mbali na hospitali, na nilipachagua kwa sababu hiyo. Njia ya Handeni imewekwa lami. Safari iliyotuchukua nusu siku leo ni ya muda wa kusikiliza taarifa ya habari na mahubiri mafupi. Nikipita Misima naona pale kwenye kibanda cha nyasi pana kabati la kioo lenye chipsi na kuku wa kukaanga, na ukiulizia mchunga msichana anakutazama kama umemtukana. Nina vitu ambavyo baba hakuwa navyo. Nina jina la ugonjwa, nina kadi ya kliniki, nina vidonge siku ambazo vidonge vipo. Najua dalili za kukimbilia na najua zile za kungoja. Nikipima wakati ule na huu kwa ujuzi, wakati huu unashinda bila mashindano. Lakini baba, kwa majuma machache ya kipupwe, alimtazama mtoto wake akila akaona mtu atakayekuwa mzee. Mimi nikimtazama Salma akila, naona mtoto anayekula. Sijaweza kuona zaidi ya hapo hata siku moja. Kuna nyakati nadhani nimemlinda mwanangu kuliko alivyolindwa dada yangu, na kuna nyakati nadhani nimemnyima jambo ambalo hata ujinga wa wazazi wangu haukumnyima Zaina.

Juzi, siku ya kwanza ya likizo, Salma alikaa mezani akichezea kijiko. Ana miaka saba. Dirisha lilikuwa limefungwa, na nyuma ya kioo milima ilionekana karibu sana, kama inavyoonekana asubuhi zisizo na ukungu.

"Mama," akasema, "wenzangu wote wanasafiri. Mbona sisi huwa hatuendi popote?"

Niliinuka nikajaribu komeo la dirisha. Nikamsogezea sahani.

"Kula, mwanangu," nikasema. "Kinapoa."